Somo la Juma Hili: Kwa Nini Kiwanda Kilikuja Shambani?

Msomaji, mtu akisimama katika vilima vya Sigowet aweza kutazama nchi mbili kwa mara moja. Upande wa Kericho nchi ni ya baridi, nayo imefunikwa na chai. Upande wa Soin nchi yateremka kwenye joto, penye mahindi na miwa. Na huko kwenye chai, katikati ya mashamba, vimesimama viwanda. Wengi hudhani kwamba kiwanda ni jambo la mjini. Basi, kwa nini huku kilikuja shambani? Na watu waliozoea ng'ombe na wimbi waliingiaje katika kazi ya mtambo? Yafaa tulichungue jambo hili, maana lagusa riziki ya kila nyumba.

Sababu ya kwanza ni chakula. Wahenga walisema, "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi." Ikiwa kila mtu hana budi kulima chakula chake mwenyewe, hapatakuwa na mikono ya kufanya kazi nyingine. Uingereza, katika karne ya 18, wakulima walijifunza kubadilisha mazao shambani na kuvuna zaidi, ndipo wachache wakaweza kulisha wengi. Kufikia hesabu ya watu ya mwaka 1851, zaidi ya nusu ya Waingereza walikuwa wakikaa mijini. Kwa Wakipsigis nako, plau la kukokotwa na ng'ombe na vinu vya mahindi vya kuendeshwa kwa maji ya mito, vilivyoenea kabla ya Vita Kuu ya Pili, vilipunguza kazi ya mkono na kuongeza nafaka ya kuuza.

Sababu ya pili ni ardhi. Uingereza, malisho ya watu wote yalizungushiwa ua yakawa mali ya wachache, na maskini wakafuata mshahara. Kericho, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi na kuwapa walowezi, kisha ikatoza kodi ya nyumba iliyotakiwa kulipwa kwa fedha. Asiye na fedha alikwenda kuitafuta kwa kazi ya kibarua. Jambo hili halifurahishi, lakini somo la kweli halifichi kitu: si wote walioacha jembe kwa hiari yao.

Sababu ya tatu ni mtaji na njia. Reli ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mizigo ya Kericho ikapitia stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa waliojeruhiwa vitani walijaribu kulima kitani huko Kericho, wakashindwa. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuja na fedha nyingi. Mche wa chai hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa sawasawa, na kiwanda ni ghali. Mtu mmoja maskini hakuweza kuanza.

Sababu ya nne ni jani lenyewe. Pamba yaweza kusafirishwa ng'ambo ikiwa mbichi, lakini jani la chai halingoji. Likisha kuchumwa, majani mawili na chipukizi, lazima lifike kiwandani siku ile ile, au litaharibika. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa liingiwe na hewa hata rangi igeuke, kisha hukaushwa kwa moto na kuchekechwa. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Hii ndiyo sababu kiwanda kilifuata shamba, na kuni za mikaratusi zikapandwa karibu.

Kwa miaka mingi Mwafrika alichuma chai asiruhusiwe kuipanda. Mlango ulifunguliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya iliundwa. Wakulima wadogo wakaunganisha majani ya mashamba yao, wakapata viwanda. Na tangu mwaka 2000 shirika hilo limekuwa kampuni inayomilikiwa na viwanda vya wakulima. Yaani mtaji ambao mmoja hakuwa nao, wengi waliuchanga. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mabadiliko hayajakoma. Mashine sasa huchuma chai, na mwezi Mei 2023 huko Kericho watu waliohofia kazi zao walichoma moto mashine hizo. Mafundi wa nguo wa Uingereza walivunja mitambo vivyo hivyo mwaka 1811 na 1812. Mitambo haikurudi nyuma, lakini njaa ya wale mafundi ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo swali kubwa si kama mtambo utakuja, bali faida yake itamwendea nani, na yule ambaye mikono yake haitakiwi tena atafundishwa kazi gani.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini chakula cha ziada hutangulia kiwanda?
2. Kwa nini kiwanda cha chai hakiwezi kuwa mbali na shamba?
3. Je, katika kijiji chako ni zao gani liuzwalo likiwa bichi, ambalo wenyeji wangeweza kuungana kulisindika wenyewe?