Maana ya Kuwekwa Chini ya Uangalizi

Wazee huuliza: "Kijana wetu alishtakiwa mjini, akakiri kosa, mbona hakufungwa? Je, amesamehewa?" Twaona vema kulieleza jambo hili, maana kutolijua kwaweza kumponza mtu.

Sheria ya uangalizi wa wakosaji ilitungwa katika Tanganyika mwaka 1947, na ingali ikitumika Tanzania Bara. Kwa sheria hiyo hakimu aweza kuacha kumfunga mkosaji, akamweka chini ya afisa wa uangalizi kwa muda usiozidi miaka 3. Kwanza hutazama umri wake, tabia yake, hali ya nyumbani kwake, na jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa.

Tuseme kijana ametoka kijijini kwenda Dar es Salaam, akapata kazi ya kusukuma mkokoteni katika soko la Kariakoo. Siku moja akaiba jora la kitambaa alilopewa alipeleke dukani. Ni kosa lake la kwanza, na mahakama yamweka chini ya uangalizi. Basi na ayashike haya:

1. Hakimu humweleza masharti kwa maneno mepesi na kumwuliza kama anayakubali. Asijibu "Ndiyo, Mheshimiwa" kwa hofu tu. Asipofahamu, na aulize papo hapo.

2. Asifanye kosa jingine lolote.

3. Afike kwa afisa siku aliyoagizwa, na akitembelewa nyumbani asijifiche. Afisa huyo si askari wa gereza. Kazi yake ni kumwonya, kumsaidia na kuwa rafiki yake, hata kumsaidia kupata kazi.

4. Akae pale alipoagizwa kukaa. Akitaka kuhama chumba, kubadili kazi au kusafiri, kwanza amwarifu afisa.

Sharti hili la nne ni jepesi kusahauliwa. Habari ya msiba yafika kutoka kwao. Kijana apanda basi alfajiri bila kumwambia afisa. Hana nia mbaya, lakini siku yake ya kuripoti yapita naye haonekani. Mahakama yaweza kutoa hati akamatwe. Ikithibitika kwamba amevunja masharti, yaweza kumtoza faini na uangalizi ukaendelea, ama kumhukumu kwa lile kosa la kwanza. Jora alilodhani limesahauliwa larudi mbele yake.

Kwa hiyo kijana hakusamehewa. Hukumu yake imewekwa kiporo, na mwenendo wake mwenyewe ndio utakaoamua kama italetwa mezani.

Enyi viongozi wa vijiji na walimu, kijana wa namna hii akitokea ghafla, msimfiche wala msimsimange. Mwulizeni kama afisa wake ana habari. Kama hana, ampigie simu siku ile ile. Asiyejua kusoma asomewe amri yake, neno kwa neno, mpaka aifahamu. Kuziba ufa ni kazi ndogo. Kujenga ukuta ni kazi kubwa.