Mashua Ndogo Ilazwe Wapi?

Swali: Msomaji wa Kilifi amenunua mashua ya tanga ya mita 5. Aiweke wapi bila gharama kubwa?

Jibu: Ufukweni, juu ya mstari wa maji ya bamvua. Pwani hii bamvua hupanda kwa zaidi ya mita 3, hivyo chombo chepesi huelea hadi karibu na mahali pake, kisha husukumwa juu ya magogo. Kwanza aonane na kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU): jicho la wavuvi hulinda kuliko mnyororo.

Hori ya Kilifi ina utulivu hata wakati wa kusi, kwa hiyo boya pia lafaa. Ila mbao zinazoshinda majini hutobolewa na minyoo ya bahari. Ndiyo sababu mafundi hupaka deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, na kazi hiyo hurudiwa mara kwa mara. Nchi kavu, turubai latosha.