Mtungi wa Gesi Uliofunikwa Kitambaa

Leo tusome Marko 7:1-13. Ila kwanza niwapeleke jikoni kwetu.

Likizo iliyopita nilifika nyumbani, Chamwino, nikakuta mtungi wa gesi tuliomnunulia mama kwa kuchanga umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya chai. Pembeni mama anapuliza kuni, macho mekundu. Gesi ilikuwa ya wageni tu.

Nikaanza kuhubiri. Kwamba Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015), namba 20, anataja kabisa watu wanaougua kwa moshi wa kupikia. Kwamba Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa, Frateri. Na wewe ukipika, utatumia kipi?"

Mdogo wangu alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

Swali lilinichoma, maana nyumbani sijawahi kupika. Seminarini tunadeki, tunaosha vyombo, tunalisha nguruwe, na hakuna anayeshangaa. Nikivuka kizingiti cha baba narudi kuwa mtoto wa kiume asiyeingia jikoni. Na nilikuwa na ujanja wangu: kazi zikipamba moto, nachukua breviari nakaa chini ya mti. Nani atamsumbua Frateri anayesali Masifu ya Jioni? Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Anachota maji, anapika, anafua hadi shati langu, daftari analifungua usiku akiwa hoi.

Sasa turudi kwenye somo. Mafarisayo wanalalamika wanafunzi wanakula bila kunawa, na Marko anaeleza hata desturi zao za kuosha vikombe na vyombo vya shaba. Yesu hakatai usafi. Anachokishika ni suala la Korbani: mtu akishatamka kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, hadaiwi tena kuwasaidia baba na mama. Ibada inageuka mlango wa kuikimbia amri ya nne. Breviari yangu ilikuwa Korbani.

Jamani, sisemi kila tulichorithi kitupwe. Mtakatifu Thoma wa Akwino (Summa, I-II, swali la 97) anaonya kuwa kubadili sheria kwenyewe kuna hasara, kwa sababu mazoea ndiyo yanayosaidia watu kuishika. Basi faida ya badiliko lazima iifidie hasara hiyo. Mama naye ana hoja zake: kuni anaokota, gesi inanunuliwa, na ikiisha mboga ikiwa jikoni, duka liko mbali. Huo si ujinga. Ila desturi ya mimi kutogusa mwiko niliitafutia hoja, sikuipata hata moja.

Jioni ile nilisonga ugali wa uwele kwenye gesi. Madonge matupu! Baba alikula kimya, akaomba aongezewe mlenda. Kaka zangu nao tumekubaliana kupokezana kujaza mtungi, maana mahubiri peke yake hayawashi jiko. Siku ya tatu mama mwenyewe akakiondoa kitambaa. Maharage bado anayabandika kwenye kuni, na sikubishana naye.

Siku zilizobaki za likizo nilisali Masifu ya Jioni vyombo vikishaoshwa. Saa hizo mdogo wangu alikuwa mezani na hesabu zake.