SOMO: Kutayarisha Hotuba Juu ya Usawa wa Watu wa Rangi Mbalimbali

Vijana wetu wa skuli huamrishwa na waalimu wao wasimame mbele ya wenzao watoe hotuba juu ya watu waliopigania usawa wa rangi. Nyingi katika hotuba hizo hujaa maneno makubwa, na msikilizaji hutoka asikumbuke hata jambo moja. Basi leo tutaeleza namna ya kuitengeneza hotuba ikafaa, na mfano wetu ni mgomo wa mabasi katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani.

Kwanza, chagua tukio moja. Dakika tano hazitoshi kueleza dhulma ya karne tatu. Katika Montgomery, weupe walikaa mbele ya basi na weusi nyuma. Viti vya mbele vikijaa, mweusi aliyekaa katikati huamrishwa aondoke ampishe mweupe, ilhali nauli ni moja. Msikilizaji akisikia hayo, dhulma ameiona mwenyewe, wala huna haja ya kutukana.

Pili, hakikisha khabari zako. Husemwa sana kwamba Bibi Rosa Parks, mshonaji, alikataa kuondoka kitini tarehe 1 Desemba 1955 kwa kuwa alichoka kwa kazi. Sivyo. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa hakuchoka mwili kuliko siku nyingine, alichoka kudhalilishwa. Naye alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi. Wala hakuwa wa kwanza. Tarehe 2 Machi mwaka huo huo, Claudette Colvin, msichana wa skuli wa miaka 15, alikamatwa mjini humo kwa jambo lile lile. Usimwache huyu, kwani ni rika la hao wanaokusikiliza.

Tatu, eleza kazi iliyofanywa. Usiku ule aliokamatwa Bibi Parks, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alipiga chapa maelfu ya karatasi za kuwataka watu wasipande mabasi Jumatatu. Ilikusudiwa siku moja; zikawa siku 381. Weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria, kwa hivyo kampuni ya mabasi ilipata hasara kubwa. Wenye magari waliwachukua wasiokuwa nayo, na wengine walikwenda kazini kwa miguu. Nyumba ya kiongozi wao, Martin Luther King, ilitupiwa bomu Januari 1956, naye akawazuia watu wasilipize kisasi. Kesi iliyoivunja sheria ile ilisimamishwa na wanawake, na Colvin ni mmoja wao. Mahkama Kuu ya Marekani ilithibitisha hukumu hiyo Novemba 1956, na tarehe 21 Desemba watu wakarejea mabasini, kila mmoja akakaa apendapo.

Nne, na hili ndilo zito, jihisabu nafsi yako. Ni rahisi kumlaumu mzungu wa Alabama. Lakini mwenzio akiinuka akauliza, "Na huku kwetu pwani je?" utajibu nini? Utumwa uliondolewa katika sheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata leo wako kati yetu wamkumbushao mtu utumwa wa babu yake wakigombana naye, na wamkataao mposaji mwenye dini na tabia njema kwa asili yake tu. Wakiulizwa, hujitetea kwa mas-ala ya kufuu. Lakini hiyo dharau ya ulimi wameitoa katika kitabu gani? Na watu hao hao huisoma aya ya 13 ya Suratul-Hujurat, wakasimama safu moja na hao wawadharauo. Liseme jambo hili kwa adabu, bila ya kumtaja mtu, kabla hujaulizwa. Ukilificha, hutasadikiwa katika hayo mengine.

Ukiisha kuandika, msomee mzee wako nyumbani kwa sauti. Kila asilolifahamu, libadilishe.

Masuala ya kuzungumza:
1. Kwa nini watu waliweza kustahimili siku 381?
2. Ni neno gani la kudharau asili ya mtu ambalo wewe mwenyewe utaliacha kuanzia leo?