MAWE YALIYOANDIKWA

Zamani sana, katika nchi ya Misri, ng'ambo ya magharibi ya mto Nil, palikuwa na kijiji cha mafundi. Leo mahali pale panaitwa Deir el-Medina. Kazi ya watu wale ilikuwa kuchonga makaburi ya wafalme ndani ya mlima na kuyapamba kwa rangi. Hawakulima. Farao aliwalipa ngano na shayiri kila mwezi.

Pamoja nao alikaa mwandishi. Kalamu yake ilikuwa tete. Wino mweusi ulitengenezwa kwa masizi, gundi na maji; wino mwekundu kwa udongo mwekundu. Karatasi ya mafunjo ilikuwa ya bei kubwa. Kwa hiyo mambo ya kila siku aliyaandika juu ya vipande vya mawe na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Hivyo ndivyo vilivyokuwa pia vibao vya wanafunzi.

Jiwe moja, lililo sasa katika nyumba ya makumbusho huko London, liliandikwa mwaka wa 40 wa mfalme Ramses wa Pili. Lina majina ya mafundi yapata 40, na siku ambazo kila mtu hakuja kazini. Juu ya siku imeandikwa sababu, kwa wino mwekundu. Huynefer anaumwa jicho. Seba ameumwa na nge. Mwingine anatengeneza pombe.

Kigae kingine chaeleza shida. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, siku 20 za mwezi zilipita na posho haikuja. Mwandishi Amennakht akaenda mwenyewe hekaluni kuidai. Magunia 46 ya ngano yakaletwa, watu wakagawiwa. Lakini baada ya miezi michache posho ilikosekana tena. Mafundi wakaacha kazi, wakaketi nyuma ya hekalu, wakasema wana njaa. Baada ya siku chache walilipwa posho ya mwezi uliopita.

Mwaka 1949 na 1950, Mfaransa Bernard Bruyère alifukua shimo kubwa karibu na kijiji. Ndani yake alikuta vipande vilivyoandikwa kwa maelfu.

Dhahabu ya makaburi mengi iliibiwa zamani. Vigae hakuna mwizi aliyevitaka. Kwa hiyo maneno ya mafundi yangalipo.

Maulizo
1. Mwandishi alitumia nini badala ya karatasi? Kwa sababu gani?
2. Amennakht aliwasaidiaje mafundi?
3. Kwa nini vigae vilibaki, na dhahabu ikapotea?