Mas'ala ya Michezo ya Vita na Ukali wa Vijana

Wazazi wengi huuliza, na ni haki yao kuuliza: je, kijana akaaye saa nyingi mbele ya kioo cha mashine, akipiga risasi na kufyeka kwa upanga watu wa sanamu, huinuka hapo na moyo mgumu na mkono mwepesi wa kuwapiga wenziwe? Mas'ala haya yamezozaniwa kwa miaka karibu hamsini, na katika mzozo huo yamesemwa mengi kwa hasira na machache kwa dalili.

Asili ya mzozo ni Marekani. Mwaka wa 1976 kampuni ya Exidy ilitoa mchezo uitwao Death Race, ambamo mchezaji aliendesha gari na kugonga vijisanamu vikimbiavyo. Kila kilichogongwa kilipiga ukelele, na mahali pake ikasimama alama ya kaburi. Watu wakakasirika, na hali sanamu zile hazikuwa ila mistari michache myeupe. Mwaka wa 1992 ukaja Mortal Kombat, wenye damu ionekanayo wazi, na mshindi aliweza kumng'oa moyo aliyeshindwa. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl wakafanya baraza la kulichungua jambo hili, na mwaka wa 1994 wenye viwanda vya michezo wakaunda chombo chao, ESRB, cha kuandika juu ya kila kasha umri umfaao mchezaji. Kisha tarehe 20 Aprili 1999 vijana wawili wakawaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika skuli ya Columbine, huko Colorado. Ikajulikana kwamba wauaji walikuwa wakicheza mchezo uitwao Doom, na tangu siku ile aghlabu kijana auapo kwa bunduki katika nchi ile, hawakosekani wa kuutaja mchezo.

Hapa pana kosa la hoja ambalo msomaji hana budi kulifahamu. Kujua kwamba muuaji alicheza si dalili kwamba mchezo ndio uliomwuisha. Uchunguzi wa Pew wa mwaka wa 2018 uliona kwamba vijana wa kiume 97 katika kila 100 wa Marekani hucheza michezo ya video. Sifa walio nayo karibu wote haiwezi kumpambanua mmoja. Ni kama mtu aonaye kwamba wezi wote hunywa maji, akahukumu kwamba maji ndiyo yafundishayo wizi.

Lakini haifai kudhani kwamba wenye kuilaumu michezo hawana hoja. Wataalamu wa elimu ya nafsi, Craig Anderson na Brad Bushman, walikusanya tafiti nyingi mwaka wa 2001 wakasema kwamba mchezo wa vita huongeza fikira na vitendo vya ukali. Mwaka wa 2010 Anderson na wenziwe wakarudia kazi hiyo kwa tafiti zilizohusu watu zaidi ya 130,000, na neno lao likawa lile lile. Hesabu hiyo ni kubwa, na mwenye insafu haipuuzi.

Basi na aulize mtu: huo ukali ulipimwaje? Katika nyingi ya tafiti hizo kijana huchezeshwa kwa dakika chache, kisha huambiwa ashindane na mtu aliye chumba cha pili katika wepesi wa kubonyeza kidude. Ashindaye humpelekea mwenziwe kelele masikioni, na ukubwa wa kelele na urefu wake ndio kipimo cha ukali. Mara nyingi huyo mwenziwe hayupo kabisa. Njia nyingine ni kumtaka kijana amtilie pilipili mtu ambaye ameambiwa kwamba haipendi, kisha ikapimwa pilipili ile ni kiasi gani. Amtiliaye mwenziwe pilipili nyingi ana utani mbaya bila shaka. Lakini baina yake na mshika kisu kuna masafa marefu. Na wapinzani, kama Christopher Ferguson na Malte Elson, wameonyesha kwamba kipimo cha kelele hakina njia moja ya kuhesabiwa: mtafiti aweza kuchukua ukubwa peke yake, au urefu, au vyote viwili, na jawabu ikageuka kwa kadiri alivyochagua.

Kwa kujikinga na kasoro hiyo, Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff waliandika njia yao ya kuhesabu kabla ya kuyatazama majibu, wala wasiweze kuigeuza baadaye. Wakauliza vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15 juu ya michezo yao; khabari za tabia wakazitaka kwa wazazi; na ukali wa mchezo wakauchukua katika daraja zake rasmi, si katika maneno ya kijana. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2019: hawakuona uhusiano wowote.

Akisema mtu, "Basi mas'ala yamekwisha," ajibiwe kwamba hayajakwisha. Mwaka wa 2018 Anna Prescott, James Sargent na Jay Hull walikusanya tafiti 24 zilizowafuata vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, wakaona kwamba wachezao michezo ya vita huzidi kidogo katika kupigana baadaye. Kidogo, lakini si sifuri.

Na akisema mwingine, "Wakubwa wa elimu hiyo wamekwisha kuilaani michezo," ajibiwe kwamba chama cha wataalamu wa nafsi cha Marekani, APA, kilisahihisha tamko lake mwaka wa 2020. Kilisema kwamba uko uhusiano mdogo baina ya michezo hiyo na mambo kama kupiga makelele na kusukumana, lakini hapana dalili ya kutosha ya kuiunganisha na uuaji. Na kwamba kuubebesha mchezo dhambi hiyo kwawasahaulisha watu sababu nyingine, kama vile mtu kuwa na mazoea ya ukali tangu zamani. Mahakama Kuu ya Marekani nayo, mwaka wa 2011, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo hiyo. Jaji Antonin Scalia aliona kwamba dalili zilizoletwa zilionyesha mambo mawili kwenda pamoja, si moja kulizaa la pili.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Mwaka wa 2011 Paul Adachi na Teena Willoughby wa Kanada walilinganisha mchezo wa vita na usio wa vita ambayo mashindano yake ni sawa, wakaona kwamba kiwashacho hasira ni mashindano, si damu. Aliyepata kuwatazama wazee katika baraza ya bao hatalistaajabia hilo.

Basi baba amchapaye mwanawe bakora kwa kosa la kucheza mchezo wa kupigana, na atazame ni lipi kati ya mawili hayo ambalo mtoto ameliona kwa macho yake na kulionja mwilini. Ama usingizi upoteao na masomo yaachwayo, huo ni mlango mwingine, na mzazi hahitaji mtaalamu wa kumwonyesha. Nayo daraja ya umri ni rahisi kuijua: herufi M ya ESRB ni ya miaka 17 na zaidi, na katika nchi nyingi za Ulaya hutumika namba za PEGI, ya mwisho ikiwa 18. Simu haina kasha la kusomwa, lakini katika duka la programu daraja hiyo huonyeshwa pamoja na khabari za mchezo, kabla mtoto hajaupakua.