Somo la hesabu: Faida iko ku karatasi, feza iko wapi?



Katika mukutano mukuu komite inatusomea ripoti: «Tulipata faida ya dola 3.000.» Watu wanapiga makofi, wanaomba wagawiwe. Mutunza-kesi anafungua kesi: dola 500 tu. Hapo kelele inaanza: «Walikula feza yetu!» Pengine hakuna aliyeiba. Tuseme ni koperative ya kahawa, tusome hesabu zake pamoja.

Karatasi ya kwanza: matokeo ya mwaka

Inaonyesha mauzo na matumizi toka Januari mupaka Desemba (kwa dola):

- Kahawa iliyouzwa: 40.000
- Kununua kahawa mbivu kwa wakulima: 26.000
- Kuosha na kukausha: 5.000
- Mifuko na usafiri: 3.000
- Mishahara na kodi: 2.000
- Kuchakaa kwa mashine: 1.000

Matumizi yote ni 37.000. Ukiyatoa ku 40.000, inabaki faida ya 3.000.

Lakini muangalie vizuri: mauzo yanaandikwa siku kahawa inapotolewa kwa mununuzi, hata kama hajalipa. Kwa hiyo karatasi hii haisemi feza iko wapi.

Karatasi ya pili: bilan

Bilan ni kama foto ya siku moja, 31 Desemba. Upande wa kwanza ni mali ya koperative:

- Kesi na banki: 500
- Mununuzi hajalipa: 6.500
- Kahawa iliyo ku depo: 2.000
- Mashine na nyumba: 8.000
- Jumla: 17.000

Upande wa pili unaonyesha mali hiyo ilitoka wapi:

- Michango ya wanamemba: 5.000
- Akiba: 2.000
- Faida ya mwaka: 3.000
- Mukopo wa banki, wa kulipa mwezi wa tatu: 4.000
- Wakulima hawajalipwa kahawa yao: 3.000
- Jumla: 17.000

Pande mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kuna kosa; kontabule arudilie hesabu.

Maulizo matatu ya kuuliza

1. Tunadaiwa ngapi karibuni? 4.000 na 3.000, ni 7.000.
2. Tuko na feza ngapi mukononi? 500 tu.
3. Nani anashika zingine? Mununuzi, 6.500. Akilipa mbele ya mwezi wa tatu, tutapata 7.000, sawasawa na madeni. Akichelewa, banki itatusumbua, na wakulima watapeleka kahawa yao kwa wengine.

Munaona sasa: faida iko, lakini iko kwa mununuzi. Tukigawana leo, tutagawana feza ya banki na ya wakulima wenzetu. Kazi ya kwanza ni kumufuata mununuzi, na kuomba karatasi yenye sahihi yake na tarehe ya kulipa. Kisha tulipe madeni. Ya kugawana itakuja nyuma.

Kuuliza si fitina. Kongo yetu iko ndani ya OHADA toka mwaka 2012, na sheria yake ya koperative inaomba hesabu za mwaka zipelekwe mbele ya mukutano mukuu wa wanamemba. Ni haki yenu.

Kazi ya nyumbani: ombeni bilan ya koperative yenu, mukae watu watano, mujibu maulizo haya matatu mbele ya mukutano. Anayejua kusoma asomee wenzake kwa sauti.